Kenji Ekuan na Uungwana wa Vyombo

Mji wa Babati umekaa penye njia panda. Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo watawala wa Kiingereza waliitamani iwe sehemu ya safari moja ya kutoka Rasi mpaka Kairo, hupita katikati ya mji ikitoka Arusha kwenda Kondoa na Dodoma. Na njia nyingine huchepuka hapo kuelekea Katesh na Singida. Upande mmoja husimama mlima Kwaraa, upande mwingine hulala ziwa Babati lenye viboko. Wagorowa ni wenyeji wa kale wa nchi hiyo. Wairaqw, Wambugwe, Warangi na Wadatoga wamekuwa jirani zao kwa muda mrefu, na soko limewaleta watu wa makabila mengine mengi. Tangu mwaka 2002 Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara.

Mtu akiketi saa moja kando ya njia panda hiyo ataona vyombo vingi kuliko watu. Ataona pikipiki iliyobeba gunia la mchele wa Magugu, baiskeli yenye madumu ya maziwa, jembe la kukokotwa na ng'ombe likipelekwa kwa mhunzi, redio, simu, ndoo, chupa na kikombe. Kila chombo kati ya hivyo kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mata iliyokifanya: chuma, kioo, udongo au plastiki. Sehemu ya pili ni fikira iliyokata shauri kuwa kiwe hivyo kilivyo, wala kisiwe vingine. Mata huonekana, fikira haionekani. Mshairi hujulikana kwa jina, na aliyejenga msikiti au kanisa huandikwa jiweni; lakini aliyeamua mkono wa kikombe uwe na upana gani, ili vidole vya mzee visiungue, hakumbukwi na mtu. Kazi yake hutumiwa kila siku na jina lake halitajwi hata mara moja kwa mwaka.

Mmoja wa watu hao alikuwa Kenji Ekuan wa Japani, msanifu wa vyombo vya viwandani. Maisha yake yanastahili kusomwa Babati kwa sababu mbili. Kwanza, taifa lake na kazi ya aina yake vimeacha alama katika barabara za mji huo. Pili, aliuliza swali ambalo kila mtu mwenye kununua chombo angepaswa kuliuliza: je, aliyekitengeneza alimfikiri atakayekitumia?

Ekuan alizaliwa Tokyo mwaka 1929. Baba yake alikuwa kasisi wa dini ya Buddha, na sehemu ya utoto wa mwanawe ilipita katika visiwa vya Hawaii, ambako baba alikuwa akiwahudumia wahamiaji wa Kijapani. Baadaye jamaa hiyo ilirudi Japani na kukaa Hiroshima. Vita kuu ya pili ilipokaribia mwisho wake, Kenji alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano katika chuo cha wanamaji, mbali na nyumbani. Tarehe 6 Agosti 1945 ndege ya Marekani ilidondosha bomu la atomiki juu ya Hiroshima. Dada yake mdogo akafa. Baba yake alifuata mwaka mmoja baadaye, kwa maradhi yaliyotokana na mionzi ya bomu lile.

Kijana alirudi akakuta mji hakuna. Palipokuwa na nyumba palikuwa na majivu; palipokuwa na njia palikuwa na vyuma vilivyopindika. Katika miaka ya utu uzima wake alieleza mara nyingi jambo lililompata hapo. Kati ya magofu aliona baiskeli zilizoungua na magari ya reli ya mjini yaliyogeuka makaa, na moyoni mwake alihisi kama kwamba vitu vile vilikuwa vinalia. Vilikuwa vikisikitika kuwa vimekufa kabla ya kumaliza utumishi wao. Mtu mwingine angeliona wafu tu, na angelikuwa na haki. Ekuan aliwaona wafu, na wawili kati yao walikuwa damu yake. Lakini aliona pia kwamba mtu akinyang'anywa vyombo vyake vyote hunyang'anywa sehemu ya ubinadamu wake. Asiye na sufuria, kitanda, taa wala baiskeli hana namna ya kumkaribisha mgeni, kumlaza mtoto wala kumfikia mgonjwa.

Baada ya msiba huo ilimpasa kushika kazi ya baba. Alikwenda Kyoto kujifunza ukasisi. Lakini njaa ya macho yake ilikuwa kubwa. Askari wa Marekani walikuwa wamejaa nchini, na magari yao ya jeep, yaliyokuwa mepesi, manyofu na yenye kufaa, yalipita mbele ya watu waliokosa hata viatu. Ekuan aliona kwamba taifa lake limepungukiwa na sala na limepungukiwa na vitu pia, na kwamba sala ilikuwa na watumishi wengi kuliko vitu. Akaacha njia ya hekalu, akaingia Chuo Kikuu cha Taifa cha Sanaa cha Tokyo, akahitimu mwaka 1955.

Wengine huenda wakasema kuwa aliikimbia dini kwa kufuata dunia. Maisha yake hayathibitishi shutuma hiyo. Kasisi ni mtu anayewafikiri watu ambao hawamfikiri yeye. Huamka wao wakiwa wamelala. Msanifu mwema wa vyombo ni vivyo hivyo. Ekuan alibadili mavazi, hakubadili kazi.

Mwaka 1952, akiwa bado mwanafunzi, yeye na wenzake walianzisha kundi la kazi chini ya mwalimu wao Iwataro Koike. Walilipa jina la GK, yaani Kundi la Koike, na mwaka 1957 kundi likawa kampuni kamili. Shabaha yao ilikuwa kueneza vitu kwa watu wote, na kueneza uzuri kwa watu wote. Katika Japani ya kale kulikuwa na uzuri usio na kifani, lakini mwingi ulifungiwa katika majumba ya wakuu na vyumba vya kunywea chai vya matajiri. Vijana hao walitaka mke wa mfanyakazi awe na kitu kizuri jikoni mwake, kwa bei anayoiweza, bila ya kuomba ruhusa kwa bwana yeyote.

Kampuni iliyowapa nafasi mapema ilikuwa ile ya kutengeneza vinanda, Nippon Gakki, ambayo bidhaa zake zina jina la Yamaha. Kampuni hiyo ilitaka kuanza kuunda pikipiki, na mwaka 1955 ikatoa ya kwanza, YA-1, yenye injini ya sentimita 125 za ujazo. Umbo lake lilitoka katika kundi la GK. Wakati huo aghalabu ya pikipiki za Kijapani zilikuwa nyeusi na nzito kwa sura. Hii ilikuwa nyembamba na rangi yake ilielekea wekundu wa hudhurungi, hata watu wakaipa lakabu ya kereng'ende mwekundu. Mwaka huohuo ilishinda mashindano ya kupanda mlima Fuji. Kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo pikipiki nyingi za Yamaha ziliendelea kuchorwa na kundi hilo na matawi yake.

Katika habari ya YA-1 kuna jambo ambalo haifai kulipita mbio. Pikipiki hiyo haikuzuka katika akili tupu. Iliundwa kwa kuifuata DKW RT125 ya Ujerumani, pikipiki ambayo Waingereza, Wamarekani na Warusi pia waliiga baada ya vita. Wajapani walianza kwa kuiga. Lakini waliiga kama mwanafunzi mwenye bidii anavyoiga mwandiko wa mwalimu: hufuata herufi mpaka mkono ukomae, kisha huandika maneno yake mwenyewe. Kuiga ni mlango wa nyumba. Aibu ni ya yule anayejenga kitanda chake mlangoni.

Kazi iliyomtangaza Ekuan ulimwenguni, hata hivyo, haikuwa na injini wala magurudumu. Ilikuwa chupa ndogo. Wajapani hula karibu kila chakula pamoja na mchuzi mweusi wa chumvi unaotengenezwa kwa maharage ya soya na ngano. Zamani mchuzi huo uliuzwa katika chupa kubwa za karibu lita mbili, na mwenye nyumba aliumimina katika kichupa kidogo cha mezani. Ekuan alikumbuka tangu utotoni jinsi mama yake alivyotaabika kuinua chupa ile nzito, na jinsi mchuzi ulivyomwagika. Kampuni ya Kikkoman ilipomtaka asanifu chupa ya mezani, yeye na wenzake walifanya kazi miaka mitatu, wakatengeneza vielelezo zaidi ya mia moja. Chupa ikatoka mwaka 1961.

Chupa hiyo ni ya kioo kinachoonya ndani, ili mtu ajue kiasi kilichobaki. Kitako chake ni kipana, ili isianguke ikiguswa na mtoto. Shingo yake ni nyembamba, ili mkono mdogo uishike bila ya kuteleza. Kifuniko chake chekundu kina matundu mawili yanayotazamana; mtu akiziba moja kwa kidole hupunguza kasi ya mchuzi unaotoka katika la pili. Na shida kubwa kuliko zote, yaani tone la mwisho linaloteremka kando ya chupa na kuchafua kitambaa cha meza, iliondolewa kwa hila ndogo: badala ya kuutokeza nje mdomo wa chini kama wa birika, Ekuan aliukata kuelekea ndani. Mchuzi ukikoma kumiminwa tone hurudi ndani. Umbo hilo halijabadilishwa tangu lilipotoka. Chupa zake zimeuzwa kwa mamia ya mamilioni, na moja imehifadhiwa katika jumba la sanaa za kisasa la New York pamoja na kazi za wachoraji mashuhuri.

Mfugaji wa Babati au wa Hanang hana haja ya kwenda New York kuufahamu ubora wa chupa hiyo. Anao mfano nyumbani. Kibuyu cha maziwa kina tumbo pana na shingo nyembamba. Husafishwa kwa kijinga cha mti uliochaguliwa, ili maziwa yapate harufu njema na yasioze upesi. Na mwanamke akikiinamisha humimina kwa kipimo anachokitaka. Hapana aliyeketi kwenye meza akakichora. Umbo lilitoka kwa Muumba wa mimea, na watu, kizazi baada ya kizazi, wakachagua, wakakata, wakaboresha. Chupa ya Ekuan ilifanya kwa miaka mitatu kazi ambayo kibuyu kiliifanya kwa mamia ya miaka. Tofauti ni kuwa mwenye kibuyu alikuwa mtengenezaji na mtumiaji pia. Kosa likitokea lilimpata yeye mwenyewe, akalisahihisha. Kiwanda kimewatenga watu hao wawili. Anayechora hukaa Tokyo, Shanghai au Pune. Anayetumia hukaa Babati. Na kati yao kuna bahari. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapo ndipo usanifu wa vyombo hugeuka kuwa suala la adili.

Suala hilo halionekani popote Babati kwa wazi kama katika pikipiki. Zamani pikipiki ilikuwa chombo cha mtu mmoja mmoja: bwana shamba, padri, mganga wa zahanati, mwalimu mkuu. Nyingi zilikuwa za Kijapani, na jina la Yamaha lilijulikana vijijini. Kisha ikaja bodaboda. Jina hilo lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha watu kutoka mpaka mmoja kwenda wa pili. Baiskeli ikafuatwa na pikipiki, na desturi ikaenea Afrika ya Mashariki yote. Tanzania iliiwekea kanuni za leseni mwaka 2010. Leo kazi hiyo huwalisha vijana wengi wa Babati, na bila ya hiyo mama mjamzito wa kijiji kisichofikiwa na basi angesubiri mpaka asubuhi.

Pikipiki za bodaboda kwa wingi wake si za Yamaha tena, ni za Kichina na za Kihindi. Lakini nasaba yake ni ya Kijapani. Kampuni kubwa za India zilijifunza kazi hiyo kwa kushirikiana na Honda, Suzuki na Kawasaki. Na pikipiki nyingi za Kichina zina damu ya chombo kimoja, Honda CG125, kilichotolewa mwaka 1976. Chombo hicho kina hadithi ambayo Ekuan, ingawa hakukifanya yeye, angeipenda.

Honda ilikuwa ikiuza katika nchi zinazoendelea pikipiki zilizofikiriwa kwa ajili ya Wajapani. Zikawa zinaharibika. Ingelikuwa rahisi kuwalaumu watumiaji kuwa ni watu wasiojua kutunza mali. Badala yake wahandisi walitumwa kwenda kutazama. Wakaona kwamba pikipiki hubeba mizigo mizito kupita kiasi, kwamba njia zina vumbi na matope, na kwamba mwenye chombo, akiwa na fedha kidogo, huchelewa sana kubadili mafuta ya injini. Wakarudi wakaacha injini ya ufundi mpya, ambayo mhimili wake wa vali hukaa juu na huumia upesi mafuta yakichafuka. Wakachukua ufundi wa zamani, wa vali zinazosukumwa kwa fito, wakautengeneza upya uwe imara na uvumilie uzembe. Mnyororo wakaufunika wote, usile vumbi. Walishuka ngazi moja ya ufundi ili kupanda ngazi moja ya ubinadamu. Kwa kufanya hivyo walikiri kwamba chombo kikishindwa mikononi mwa watu wengi, kosa la kwanza lisitafutwe katika mikono hiyo.

Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi usio na hesabu, na kwa njia hiyo fikira ya watu wachache wa Japani imefika mpaka vichochoro vya Babati bila ya jina lao. Lakini fikira ikisafiri mbali na mwenyewe hupungua. Mwigaji aliyechukua injini hakuchukua kila mara ule uangalifu uliozaa injini. Na hata chombo cha asili hakikufikiriwa kwa kazi ya Babati: kilikusudiwa watu wawili, kikakuta hutumiwa kubeba watatu na wanne, mtindo ambao vijana huuita mishikaki, kilikusudiwa mzigo mdogo, kikakuta gunia la mbaazi au kreti za soda. Breki, taa na matairi vina mipaka, na barabara njema haiongezi mipaka hiyo. Barabara ya Dodoma mpaka Babati ilikamilishwa kwa lami na kufunguliwa mwaka 2018, kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa. Lami hiyo ni neema kubwa. Walakini lami huongeza mwendo, na mwendo huongeza uzito wa kosa, na kijana asiye na kofia ngumu hulipa deni ambalo hakulikopa peke yake.

Katika upungufu huo mafundi wa Babati hawakukaa bure. Wachomeleaji wa chuma huongeza keria ndefu na imara kuliko ile ya kiwandani, huunga vyuma vya kukinga miguu ya dereva, hukaza shokapu ili zistahimili mzigo. Washona viti hurefusha na kunenepesha kiti ili abiria wa safari ndefu asiumie. Mshona viatu huchukua tairi lililokwisha maisha barabarani akalipa maisha ya pili miguuni mwa mtu, katika katambuga. Upande wa Eyasi, wahunzi wa Kidatoga huyeyusha vyuma vikuukuu wakavigeuza bangili na vichwa vya mishale. Watu hawa wote hukamilisha kazi ambayo msanifu wa mbali aliiacha nusu. Hawaitwi wasanifu, hata wao wenyewe hujiita mafundi tu. Lakini kijana aliyeona keria ikivunjika mara tatu, na mara ya nne akaikunja kwa namna nyingine isivunjike, amefanya kazi ileile ya vielelezo mia moja vya chupa ya mchuzi.

Kilichokosekana si akili, bali daraja la kuitoa akili hiyo karakanani na kuifikisha kiwandani. Taifa lilijaribu kulijenga. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973. Taasisi ya uhandisi na usanifu wa mitambo, TEMDO, ilianzishwa Arusha mwaka 1980, na kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, CAMARTEC, kikafuata mwaka 1981. Hizo ni taasisi za heshima na Arusha si mbali na Babati. Lakini keria ya Babati hubaki Babati. Aliyeivumbua akifa hufa nayo, na kiwanda cha ng'ambo huendelea kuleta keria ileile inayovunjika. YA-1 ilipata kundi la wanafunzi, mwalimu wao, na kampuni iliyokuwa tayari kuwasikiliza vijana wasio na jina. Vitu hivyo vitatu vikikutana popote, jambo hutokea. Kimoja kikikosekana, vipaji huzikwa.

Mwaka huohuo wa 1973 wasanifu wa vyombo kutoka nchi nyingi za ulimwengu walikutanika Kyoto, mji ambao Ekuan alijifunza ukasisi, na yeye alikuwa mmoja wa viongozi wa shughuli hiyo. Maudhui ya mkutano yalihusu roho na vitu. Wageni wengi waliona jambo hilo geni, maana walizoea kusema juu ya vitu kama juu ya bei na mauzo. Ekuan aliamini kwamba katika chombo kilichotengenezwa vyema kuna roho, na kwamba mtu akikitumia kwa heshima huikuza roho yake mwenyewe. Aliandika kitabu kuhusu kisanduku cha chakula cha Kijapani, ambacho ndani ya nafasi ndogo hupangwa vyakula vingi, kila kimoja mahali pake, bila ya kimoja kukidhulumu kingine. Akaonyesha kuwa kisanduku hicho ni darasa la kuishi watu wengi katika nchi finyu.

Mwislamu au Mkristo wa Babati hawezi kukubali kuwa chupa ina roho, wala halazimiki. Lakini katika dini zote mbili limo neno amana, na neno hilo latosha. Chombo ni amana ya aliyekitengeneza kwa atakayekitumia. Anayeuza breki mbovu amehini amana, hata kama hamjui atakayekufa. Anayetengeneza kitu bila ya kufikiri mwisho wake amehini pia. Mfuko wa plastiki, uliopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, ulikuwa mfano wa chombo kisicho na uungwana: ulitumika kwa dakika chache, kisha ukabaki miaka mingi mitaroni na ufukoni mwa maziwa. Baiskeli za Hiroshima zililia kwa sababu zilikufa kabla ya wakati. Mfuko ule haukujua kufa.

Pana hoja moja dhidi ya Ekuan ambayo ni haki kuipima. Maisha yake yote aliwatumikia wenye viwanda, na viwanda hutaka watu wanunue bila ya kukoma. Je, aliyefanya vitu vipendeze hakuwa mpiga zumari wa soko? Hoja ina nguvu. Pikipiki kubwa na treni za mwendo wa kasi zilizotoka katika kundi lake, kama ile ya Komachi ya mwaka 1997, hazikuwa za maskini. Yeye mwenyewe aliuona upungufu huo. Mwaka 1998 alishiriki kuanzisha Barcelona chama cha wasanifu cha kupeleka ujuzi wao kwa watu wenye shida, wakimbizi na waliopatwa na maafa, wateja wasio na fedha ya kumwajiri msanifu. Chama kimoja hakikuponya ulimwengu. Lakini mtu hupimwa pia kwa upande anaotazama akiwa ameshashiba, na yeye aligeuka akatazama nyuma, kwenye majivu alikotoka.

Kenji Ekuan alifariki Februari 2015, akiwa na miaka 85. Habari ya kifo chake ilikwenda mbali kwa sababu ya chupa. Mtu aliyekuwa amekusudiwa kuombea wafu alikumbukwa kwa kuwaondolea walio hai tone la mchuzi mezani. Pengine kuna watakaocheka. Lakini taabu za watu wengi si simba na vita kila siku. Nyingi ni matone: mpini unaotoboa kiganja, ndoo yenye kishikio kinachokata vidole, taa ya pikipiki isiyoonyesha shimo. Anayeziondoa taabu hizo, moja baada ya moja, hurefusha maisha ya watu asiowajua.

Jioni, magari ya Arusha yanapopungua, vijana wa bodaboda wa Babati hukusanyika penye njia panda, kila mmoja ameegemea chombo chake. Wanakijua kuliko yeyote aliyekichora: wapi kinachemka, wapi kinalegea, mlima upi kinaushindwa, na abiria hulalamikia nini. Elimu hiyo ndiyo wahandisi wa Honda walivuka bahari kuitafuta, na ndiyo Ekuan aliyoitafuta katika mikono ya mama yake. Ipo Babati, haijaandikwa, na haijaulizwa. Siku itakapoulizwa na mtu mwenye kalamu, karakana na subira ya vielelezo mia moja, chombo kitakachotoka hakitakuwa mgeni katika mji huo.